UZI: Mwanafunzi ajifunze kuelea, kugeuka na kutoka majini kwanza, mitindo ya kuogelea ije baadaye

Mkufunzi_Chali (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Shule nyingi zikiamua kufundisha watoto usalama wa majini, zinaanza na kupiga miguu huku mtoto ameshika ubao, halafu mikono, halafu mtindo huru. Muhula ukiisha mtoto anakata mita 10 safi kabisa, amevaa miwani, kwenye maji ya kifuani, na ameanza kwa kujisukuma ukutani. Huyohuyo akiteleza ukingoni na sare yake na viatu, sekunde za kwanza hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfaa. Ameingia kinyumenyume, maji yamepanda puani, hajui juu ni upande gani, miguu haigusi chini. Hapo anahitaji mambo manne tu, na kwa mfuatano huu: kuibuka, kupata hewa, kugeuka kutafuta ukingo wa karibu, kufika na kujivuta nje.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, zaidi ya 9 kati ya 10 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Moja ya hatua sita ambazo WHO inazipendekeza ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule, kuanzia miaka 6, stadi za msingi za kuogelea, usalama wa majini na uokoaji salama. Mambo hayo matatu yamefungwa pamoja kwa makusudi. Ukichukua kuogelea peke yake unabaki na mtoto mwenye nguvu asiyejua wapi pa kuingia na wapi pa kukaa mbali.

Naweka mpangilio ninaoutetea. Wenye ujuzi mrekebishe na kuongezea.

Kabla ya maji. Vipindi viwili nchi kavu. Cha kwanza, mtoto amjue anayezama. Wengi, hata watu wazima, wanasubiri kelele na mikono inayopunga. Anayezama kweli hapigi kelele. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, unazama na kuibuka. Mikono imefunguka pembeni inakandamiza maji kwenda chini, na hawezi kuiinua hata akitaka. Mwili umesimama wima kama anapanda ngazi isiyoonekana, miguu haisukumi chochote. Haiti kwa sababu kila mdomo unapoibuka, nafasi iliyopo inatosha kutoa na kuvuta hewa tu. Hali hiyo huchukua kati ya sekunde 20 na 60, na mtoto mdogo huishiwa mapema zaidi. Kipindi cha pili ni uokoaji wa kutoka ukingoni. Hilo naomba wengine walishike huko chini.

Pumzi. Maji ya kiunoni. Vuta hewa kwa mdomo, zamisha uso, toa hewa kwa pua na mdomo polepole mpaka uso unapotoka. Kosa la kawaida ni mtoto kubana pumzi akiwa chini, kisha akiibuka anataka kutoa na kuvuta kwa mpigo mmoja. Muda hautoshi, anameza maji, anaogopa. Mapovu yakitoka mfululizo mpaka uso unapoibuka, ameelewa. Afanye mara 10 mfululizo bila kufuta uso. Hilo la kufuta uso walimu wengi wanalipuuza, ila mtoto ambaye lazima ajifute macho kila akiibuka, kwenye maji marefu mikono yake itakuwa usoni wakati ambapo ingekuwa inamshikilia juu.

Kuelea chali. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko kote. Mwalimu asimame nyuma ya kichwa cha mtoto. Kiganja kimoja chini ya kisogo, kingine katikati ya mabega. Ukiweka mkono chini ya kiuno, mtoto anakunja nyonga na kukaa kitako majini, kisha anazama makalio kwanza. Masikio yawe ndani ya maji. Macho yatazame juu moja kwa moja; akitazama vidole vyake vya miguu, kidevu kinashuka na mwili mzima unavunjika katikati. Kifua na tumbo viinuke.

Halafu hewa. Mapafu yakijaa, watu wengi ni wepesi kidogo kuliko maji. Yakiwa matupu, wengi wanazama. Kwa hiyo: vuta hewa nyingi, ishike sekunde mbili tatu, itoe haraka, vuta tena. Atazama kidogo anapoitoa na kuinuka anapoivuta, na aambiwe mapema ili asishtuke. Miguu ikishuka, hasa kwa watoto wembamba, hilo ni umbile: hewa iko kifuani, uzito uko nyongani na mapajani. Anyooshe mikono juu ya kichwa ikiwa *ndani* ya maji na kukunja magoti kidogo, mwili utajisawazisha. Kama miguu bado inaning'inia lakini pua na mdomo viko nje, amefaulu. Punguza mkono wako polepole: kiganja, kisha vidole vinne, kisha kidole kimoja, kisha hamna.

Fundisha na kusimama kutoka hapo. Magoti yaje kifuani, kidevu kishuke, mikono isukume maji kutoka nyuma kuja mbele, nyayo zitafute chini. Mtoto asiyejua kurudi kusimama hatatulia kamwe akiwa chali, maana anajua hana njia ya kutoka.

Kugeuka. Kifudifudi kwenda chali. Kichwa kianze, bega lifuate, nyonga ifuate. Arudie kulia na kushoto.

Kuingia na kurudi. Aruke miguu mbele, azame, aibuke, ageuke alikotokea, arudi, apande. Kwanza maji ya kifuani, kisha maji yanayompita urefu, mwalimu akiwa majini umbali wa mkono. Kupanda ni bila ngazi: viganja juu ya ukingo, ajirushe juu na chini mara mbili kupata kasi, mara ya tatu tumbo lilale ukingoni, goti lifuate. Watoto wengi wanaweza kufika ukingoni na hawawezi kupanda, na shule haigunduli kwa sababu bwawa lina ngazi.

Umbali. Mita 25 bila kugusa chini, kwa namna yoyote. Kupumzika chali katikati kunaruhusiwa, na mimi nakuhimiza.

Kipindi kimoja kisizidi dakika 40 majini. Panga vipindi 20 hivi, vikaribiane: siku moja baada ya nyingine ni bora kuliko mara moja kwa wiki. Wanaoanza, mwalimu mmoja kwa watoto 5, na juu ya hao mtu mmoja aliye nje ya maji ambaye hafundishi chochote. Kazi yake ni macho tu.

---

Chaki_na_Filimbi

Mkuu, uzi mzuri. Swali: shule haina bwawa na haitakuwa nalo. Lipo ziwa dogo na mto. Je, inawezekana, au tubaki na nadharia?

---

Mwana_Mtumbwi

Inawezekana, @Chaki_na_Filimbi. Bangladesh walifundisha watoto wengi vijijini kwa mpango wa SwimSafe ndani ya madimbwi ya kawaida. Walichofanya ni kujenga jukwaa la mianzi lililozama, lenye sakafu na uzio, ili kina kibaki kilekile popote mtoto anaposimama. Kipimo chao cha kuhitimu ni kuogelea mita 25 na kuelea sekunde 30, pamoja na kujua kumwokoa mwenzio bila kuingia majini.

Mambo ya kuangalia ukitaka kutumia maji ya asili:

Mto wenye mkondo usiutumie kwa wanaoanza, hata ukionekana mpole. Tafuta maji yaliyotulia. Pita chini yote kwa miguu na upondo, hatua kwa hatua, ukitafuta mashimo, vigogo, vioo na tope linalonasa mguu. Rudia kila baada ya mvua kubwa kwa sababu chini hubadilika. Mvua ikinyesha juu ya mto, siku hiyo hakuna kipindi. Penye mamba au viboko hakuna mjadala.

Kina kiwe kiunoni kwa mtoto *mfupi* kuliko wote, wala usipime kwa wastani wa darasa. Zungushia kamba yenye maboya, au nguzo na fito. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10, vinginevyo mtoto anapenya au kichwa kinanasa.

Uangavu wa maji ndio unaosahaulika. Zamisha sahani nyeupe mpaka chini ya eneo la kufundishia. Kama huioni ukiwa umesimama, basi mtoto akizama hutamwona pia. Hapo ama utafute sehemu nyingine, ama kila mwalimu abaki na watoto wawili anaoweza kuwashika wote kwa wakati mmoja.

Maji yasiyo ya chumvi yenye majani na konokono yana uwezekano wa kichocho. Waulize watu wa afya wa eneo husika kabla ya kuanza. Kujifuta na taulo haraka baada ya kutoka kunaweza kupunguza kidogo, ila usikuchukulie kama kinga.

---

Mama_Watatu

Samahanini, mimi si mtaalamu. Wasiwasi wangu ni kwamba mkimfundisha mtoto kuogelea ndiyo mnampa kiburi cha kwenda mtoni na wenzake. Asiyejua anaogopa, anakaa mbali.

---

Mkufunzi_Chali

Dada, hofu yako ina msingi na mpango wowote unaoipuuza ni mbovu. Ila anayeogopa maji bado anachota maji, anavuka kivuko, anafuata mpira ulioangukia shimo la kokoto. Anayaingia bila kupenda.

Kiburi kinatibiwa ndani ya mafunzo yenyewe. Mtoto akishafikisha mita 25 kwenye maji tulivu, mwambie akadirie atafika wapi akiwa na nguo na viatu. Wengi watasema palepale. Kisha aogelee, wewe ukiwa pembeni yake, na pale anapochoka uweke alama. Siku nyingine, watoto wanane wazunguke ndani ya maji wakitengeneza mawimbi, na yeye aelee katikati yao. Akiona mwenyewe pengo kati ya alichokadiria na alichofanya, anajua mpaka wake kwa namna ambayo maneno ya mwalimu hayawezi.

Halafu kuna kanuni chache anazozikariri kila kipindi: haingii peke yake, haingii bila mtu mzima anayetazama (aliyepo tu huku anachezea simu hahesabiki), maji asiyoyajua anaingia kwa miguu, kamwe hapigi mbizi kwa kichwa, ngurumo ikisikika anatoka, na harudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hakuna mashindano ya kubana pumzi.

Hiyo ya mwisho ifafanuliwe kwa wakubwa wa darasa la sita na la saba maana ndio wanaoipenda. Kinachokusukuma uvute hewa ni kaboni dayoksaidi kujaa mwilini. Mtoto akihema kwa nguvu na haraka kabla ya kuzama, anaipunguza gesi hiyo lakini oksijeni haiongezeki kwa maana. Oksijeni inaisha kabla kengele haijalia, anazimia chini ya maji bila onyo lolote, na mwogeleaji mzuri ndiye huathirika zaidi.

---

Kocha_wa_Mstari

Nakubaliana na mengi, nina pingamizi moja. Kuanza na chali kwa kila mtoto ni kosa. Wapo ambao maji yakiingia masikioni tu wanakakamaa, na mwili uliokakamaa hauelei. Kwa hao naona bora waanze kifudifudi: wavute hewa, wakumbatie magoti, wainamishe kichwa, waache maji yawainue. Migongo yao inaibuka yenyewe. Baada ya mara tatu nne mtoto anaamini kwamba maji yanambeba, ndipo unampeleka chali.

Na msichelewe mno kufundisha kupiga miguu. Kuelea bila uwezo wa kusogea kunamsaidia aliye karibu na mwokoaji. Aliye peke yake lazima asogee. Miguu itoke nyongani, magoti yalegee kidogo, vifundo vya miguu vilegee kabisa. Anayepiga kwa magoti kama anaendesha baiskeli anakaa palepale na anachoka.

---

Mkufunzi_Chali

Mkuu @Kocha_wa_Mstari, la kuanza kifudifudi nalipokea kwa watoto wa aina hiyo, mradi wasihitimu bila chali. Kuhusu miguu hatutofautiani. Ninachokataa ni ule ubao kukaa mkononi mwa mtoto wiki nzima. Anajifunza kupiga miguu huku kifua kimeinuliwa na ubao, na siku ukiondolewa hajui mwili wake unakaa vipi. Maboya ya kujaza upepo mikononi ni mabaya zaidi: yanamsimamisha mtoto wima, mkao uleule wa kuzama, na kumfundisha kuuona ni salama.

---

Kamba_Ndefu

Nalishika la uokoaji wa ukingoni. Kuna nyakati wanakufa wawili: wa kwanza alizama, wa pili alimfuata. Mtoto wa shule *asifundishwe kabisa* kumfuata mwenzake majini, hata akiwa mwogeleaji bora wa shule. Anayezama anakwea chochote kinachomfikia, na kichwa cha mwokoaji ni cha kwanza.

Mpangilio ni huu: piga kelele kuita mtu mzima, zungumza na anayezama ("nitazame, piga miguu, nakutupia"), nyoosha kitu, tupa kitu. Basi.

*Kunyoosha.* Fito, tawi, upondo, kanga iliyosokotwa, mkanda wa begi. Mwokoaji alale kifudifudi, miguu imetanuka, kifua kikiwa nyuma ya ukingo, na mwenzake amshike miguu. Akisimama au kuchuchumaa atavutwa ndani mara tu kitu kitakaposhikwa. Ashike kwa namna ambayo anaweza kuachia. Asifunge kanga kwenye kiganja.

*Kutupa.* Kifaa kizuri cha shule ni dumu la lita 5 lenye kifuniko kinachobana, na kamba. Lita 5 za hewa zinabeba karibu kilo 5, na kumshikilia mtu pua na mdomo nje ya maji hakuhitaji zaidi ya hapo akitulia. Weka ndani kikombe kimoja cha maji, kama robo lita. Dumu tupu kabisa linapeperushwa na upepo na haliendi unakolitupa. Likiwa na maji mengi linaumiza. Kamba iwe mita 15 hadi 20, unene wa milimita 8 hivi, ya plastiki ile inayoelea. Jaribu kwanza kipande kwenye ndoo, kwa sababu kamba za nailoni zinafanana nayo na zinazama. Funga kwenye mpini wa dumu kwa fundo lisiloteleza. Mwisho wa pili tengeneza kitanzi kikubwa, ukanyage kwa mguu au ufunge kwenye nguzo. Kamwe usijizungushie mkononi.

Kurusha ni kwa chini, mkono ukipita pembeni ya paja. Lenga *nyuma ya* kichwa chake, dumu lipite bega, kisha uvute kamba imfikie. Ukilenga mbele yake litaishia mita mbili kutoka alipo, na kwake mita mbili ni mbali. Ukikosa, usipoteze muda kukunja kamba vizuri: vuta haraka, iache ianguke miguuni, tupa tena. Kwenye maji yanayokwenda, mtupie yeye, si maji yaliyo mbele yake, maana kamba na mtu vinachukuliwa na mkondo uleule.

Wakati wa somo weka alama uwanjani mita 8 kwa wadogo na mita 12 kwa wakubwa. Kila mtoto arushe mara 10 na apate angalau 6 ndani ya upana wa mikono iliyonyooshwa. Majira yakibadilika, rudia, mkono husahau. Na hilo dumu lining'inizwe pale maji yalipo, lenye rangi ya kuonekana. Likifungiwa stoo na ufunguo wa mwalimu mkuu halina kazi.

---

Zamu_ya_Usiku

Nachangia upande wa afya, kwa walimu, si kwa watoto wadogo.

Mtoto ametolewa, haitiki na hapumui, au anatweta kwa vipindi kama samaki aliye nchi kavu: hiyo ni dalili ya moyo kusimama, msiihesabu kuwa kupumua. Mlaze chali mahali pagumu. Fungua njia ya hewa kwa kuinua kidevu. Anza na pumzi 5, kila moja sekunde moja, ukitazama kifua kikiinuka. Kwa aliyezama hewa ndiyo iliyokosekana kwanza, kwa hiyo kukandamiza kifua bila kupuliza hakutoshi. Kisha mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Waliofunzwa wakiwa wawili, kwa mtoto ni 15 kwa 2. Kasi 100 hadi 120 kwa dakika, kina theluthi moja ya kifua, na kifua kirudi juu kabisa kila mara. Ukiwa peke yako bila simu, fanya dakika moja kwanza kabla ya kwenda kuita msaada.

Msimning'inize kichwa chini. Msimkandamize tumbo kutoa maji. Yote mawili yanachelewesha hewa na kuleta matapishi mapafuni. Povu jeupe likitoka mdomoni, endeleeni kupuliza. Halitaisha kwa kufutwa. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha, mrudishe.

Aliyezinduka, hata akisema yuko sawa, apelekwe hospitali. Mapafu yaliyoingiwa maji yanaweza kuharibika zaidi saa kadhaa baadaye. Kikohozi kisichokoma, kuhema haraka, kusinzia kusiko kwa kawaida: msisubiri asubuhi.

Kabla ya muhula, fomu ya mzazi iulize kuhusu kifafa, pumu na ugonjwa wa moyo. Mwenye kifafa anaweza kujifunza, ila awe na mtu wake mmoja asiyemwondolea macho hata sekunde, na siyo siku aliyokosa dawa.

---

Chaki_na_Filimbi

Asanteni sana. Wanafunzi wetu wengine wanavuka kwa boti kuja shule. Kuna la kuongeza kwao? Na wasichana wanaotaka kuogelea na nguo ndefu, inaharibu mafunzo?

---

Mwana_Mtumbwi

Boti kwanza. Jaketi la kujiokolea livaliwe kabla ya kupanda. Lililokaliwa kama mto wa kiti halivaliki ndani ya maji na hofu. Saizi ya mtoto inafuata kilo zake zilizoandikwa ndani ya jaketi. Mvishe, funga vifungo vyote na mkanda wa katikati ya miguu, kisha shika mabegani uvute juu. Jaketi likipanda kufika masikioni, ni kubwa, na majini litamtoka kupitia kichwa. Kila mwanzo wa muhula mtoto aingie nalo majini mahali pa kina kifupi ajue linavyomgeuza.

Boti ikipinduka na bado inaelea, wabaki nayo. Boti inaonekana kutoka mbali, kichwa cha mtoto hakionekani, na ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo. Wakiwa na majaketi na maji ni baridi, wakumbatiane vifua kwa vifua, wadogo katikati. Maji huchukua joto la mwili haraka takriban mara 25 kuliko hewa, na kuogelea ovyo kunaongeza upotevu huo. Kwenye maji ya chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, dakika ya kwanza ni ya kutweta bila hiari: aelee tu, pumzi itulie, ndipo afikirie kitu kingine.

Mkondo wa mto ukimchukua: chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Miguu itapokea jiwe badala ya kichwa. *Asijaribu kusimama* maji yakiwa juu ya magoti na yanakwenda kasi; mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unamlaza kifudifudi na hainuki tena. Asogee ukingoni kwa mshazari, asipambane na mkondo uso kwa uso. Mti ulioangukia mtoni ni hatari kuliko jiwe, maana maji yanapita na mtu anabaki. Hapo ndipo pekee ageuke kifudifudi, apige kwa nguvu na kuupanda kwa juu.

Baharini, mkondo unaorudi kutoka ufukweni hauvuti chini, unavuta nje. Aelee, aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mvuto, kisha ndiyo arudi. Wanaokufa ni wale waliolenga moja kwa moja walikotoka mpaka nguvu zikaisha.

Na mafuriko: maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mtoto asivuke, hata akijua njia.

---

Mkufunzi_Chali

Kuhusu nguo ndefu: haziharibu. Nguo ikiwa *ndani* ya maji haina uzito wa kukuvuta chini kama watu wanavyodhani. Inakupunguza kasi, na mwanzoni hata inashika hewa. Uzito unakuja unapotoka, maji yaliyomo yakiwa hewani, ndiyo maana kupanda ukingo na nguo lazima kufanyiwe mazoezi. Mwalimu achague kitambaa chepesi na suruali chini ya gauni, mtandio ufungwe nyuma usifunike uso, rangi iwe nyekundu, chungwa au njano. Bluu na nyeupe hupotea majini. Viatu vizito avivue akiwa chali, magoti yakiwa yamekunjwa, vyepesi aviache.

Kuhesabu: kila mtoto ana pacha wake, yaani mwenzake aliyepangiwa. Filimbi moja kila dakika 10, mapacha wanashikana mikono na kuinua juu, mwangalizi anahesabu jozi, si vichwa. Asiye na pacha anaonekana papo hapo.

---

Mama_Watatu

Nimeelewa sasa. Mwisho, kwa wadogo walio nyumbani ambao bado hawajafika umri wa kufundishwa, huyu mkubwa aliyejifunza afanye nini?

---

Kamba_Ndefu

Mkubwa asipewe kazi ya kuwa mlinzi wao majini. Hilo ni la mtu mzima. Mpe kazi anayoiweza: kukagua. Jioni azunguke nyumba. Ndoo na beseni zimwagwe na kugeuzwa, maana sentimita 5 za maji zinamtosha mtoto anayetambaa aliyeangukia kichwa. Pipa lifunikwe na mfuniko unaobana, juu yake jiwe ambalo mdogo hawezi kulisogeza. Kisima kiwe na mfuniko wa mbao nzito au nondo. Shimo la choo lililochimbwa na kuachwa lizungushiwe uzio wa mita 1.2 usio na mahali pa kukanyagia, mlango ukijifunga wenyewe.

Na mdogo akipotea, aanze kumtafuta penye maji *kabla* ya chumbani na kwa jirani. Atazame ndani ya pipa, kisima, shimo, kisha ndiyo aite majirani waende kwingine.